Inzi Aliyekuja na Kiti Chake

Kiingereza changu kilikuwa kizuri, na mtu wa kwanza kulijua hilo nilikuwa mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya wasichana mjini Tanga, na kwetu Mabawa nilijulikana kama yule binti anayesomea watu barua. Barua yoyote ya Kizungu iliyoingia mtaani, iwe ya mahakamani au ya shamba la mkonge, iliishia mkononi mwangu. Niliisoma kwanza kwa Kiingereza, kwa sauti, mwenye barua akiwa amekaa kwenye jamvi anatoka jasho, kisha ndipo nikamweleza kilichoandikwa. Siku moja mama aliniuliza kwa nini nisianze na Kiswahili nikawapunguzia watu wasiwasi. Niliona ni swali la mtu asiyesoma.

Kwa hiyo bibi mkuu wa shule, Mzungu mwenye miwani na sauti ya upole, aliponiita ofisini kabla ya likizo, sikushangaa. Picha ya Malkia mpya ilikuwa ndiyo kwanza imetundikwa ukutani nyuma ya kiti chake. Aliniambia kwamba amekuja bibi mmoja msomi kutoka Uingereza, anayetaka kuchunguza maisha ya wanawake wa pwani, na Bwana Shauri wa boma ameomba apewe mkalimani wa kike. Bibi huyo hajui Kiswahili, akasema, ila anajua kusema "jambo". Angetaka kukaa kijijini majuma matano. Je, nilijua kijiji kinachofaa?

Nilikijua. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mjane anayeishi Mtang'ata, kusini mwa mji kwa njia ya Pangani, katika nyumba ya udongo yenye ua mpana na vyumba viwili visivyo na mtu. Nilimpelekea salamu kwamba namletea mgeni. Akajibu kwamba mgeni karibu, lakini je, anakula bada, ugali wetu wa muhogo?

Tulifika kwa Landrova ya boma, asubuhi. Bibi yule alikuwa mrefu, mifupa mitupu, umri wake kama miaka arobaini kasoro, na kofia ya majani iliyo pana kama ungo. Alishusha begi la nguo, chandarua, sanduku la dawa, kamera, na kiti cha kukunja cha turubai ambacho hakumruhusu mtu yeyote kukibeba. Nilimwamkia shangazi shikamoo, akaitika marahaba huku macho yake yako kwenye kofia. Bibi akasema, "Jambo." Akamwambia jambo shangazi, akawaambia jambo majirani waliokuwa wamejaa uani, akawaambia jambo watoto. Alimwambia na mbuzi.

Kisha akaomba kusema nao. Wanawake walikuwa kama kumi na wawili, wamekaa kwenye mikeka, wengine na ukili mkononi, kwa maana kusuka hakusimami kwa ajili ya hotuba. Alisimama katikati akaongea polepole ili nifuatishe. Alisema hakuja kuwasumbua. Alisema wasibadilishe kitu kwa ajili yake, wapike, watwange, wagombane kama kawaida yao, kama vile hayupo. Mwisho akatabasamu, akasema neno ambalo sikuwahi kukutana nalo katika kitabu chochote nilichosomeshwa: kwamba wamchukulie yeye kuwa ni inzi ukutani.

Mtu mwenye busara angemuuliza maana yake. Lakini kuuliza kungekuwa kukiri mbele ya ua mzima kwamba kuna Kiingereza nisichokijua, na hilo sikuwa tayari. Nikatafsiri kama nilivyolisikia.

"Anasema," nikawaambia, "mmchukulie kama inzi ukutani."

Ukili ulisimama mikononi. Wanawake walitazamana, kisha wakamtazama shangazi, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake. Shangazi alikuwa anakuna nazi, ameikalia mbuzi, na hakuinua hata kichwa.

"Mwambie," akasema, "inzi hatui kwangu mpaka nijue ametoka kutua wapi."

Walicheka mpaka mmoja akajifunika leso usoni. Bibi akanigeukia, ametabasamu bado, anangoja. Nikamwambia kwa Kiingereza safi kabisa kwamba shangazi anamkaribisha kwa mikono miwili.

Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika kazi ile, na ulikuwa mtamu, kwa sababu ulizifurahisha pande zote mbili, na mimi katikati nikawa sijavunjika hata ukucha. Nikaona ukalimani ni kazi nyepesi.

Jioni, tukinywa chai, nilimuuliza kwa ujanja, kama mtu anayetaka tu kulinganisha, wao kwao hutumia vipi msemo ule. Akanieleza. Mtu husema anatamani angekuwa inzi ukutani pale anapotaka kuona au kusikia mambo ya watu wasiojua kwamba yupo. Kwa mfano, mume na mke wamefungiana mlango wanagombana, na jirani angependa kuyasikia. Au wakubwa wamekutana barazani kuamua jambo, na karani aliyeachwa nje angependa kujua. Husemwa kwa tamaa, na kwa mzaha kidogo, na hakuna anayeona haya kuusema. Inzi hugandama pale juu, hakuna anayemjali, na anaona yote.

Nilipomfikishia shangazi maana hii, bibi akiwa papo hapo na chai yake, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kumbe mdukuzi. Si angesema." Akafikiri kidogo. "Na kwa kuwa anakula kwangu, ni mdukuzi na mdoezi."

Nimelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, na bado linanichekesha. Mwingereza, anapotamani kuwapo mahali asipoalikwa, huona kwamba atakuwa mdogo, mwepesi, asiye na madhara. Hafikirii kwamba nyumba inayofunika kila sahani kwa kawa haimsahau inzi hata kidogo. Sisi inzi akiingia tunamwona kabla ya mgeni mwingine yeyote. Tunajua ameingia kwa mlango gani, na tunajua atatua wapi.

Na yule inzi wetu alionekana kutoka Mtang'ata mpaka njia panda. Kila asubuhi alikunjua kiti chake kwenye pembe ya ua, akavaa kofia, akafungua daftari, akaanza kutoonekana. Ua ambao siku zote huwa na wanawake wanne watano ukapata ishirini. Walitoka vijiji vya jirani. Walikuja na leso zao za kutokea, zile za sandukuni zinazonukia udi, wakazivaa kutwangia mpunga. Kulikuwa na mama mmoja mnene ambaye nilijua kwa hakika kwamba mpunga wake huupeleka kukobolewa mashineni mjini, na mchi alikuwa hajaushika miaka mingapi sijui. Siku moja aliutwanga mpunga kwa saa nzima, akiimba, mpaka mikono ikamvimba ikabidi akandwe. Wengine walianza kusemeana kwa adabu ambayo haikuwahi kusikika pale. "Niletee maji, dada yangu mpenzi." Bibi aliandika, kalamu haikupumzika.

Na alipochoka kuandika waliyoyafanya, aliuliza. Hapo ndipo wenzangu walipopata mchezo. Aliuliza kama kuna miiko ya jikoni, na mwanamke wa kwanza akamwambia miiko ya kweli miwili mitatu. Nilitafsiri, akaandika, lakini niliona shangazi haridhiki. Miiko ile ilikuwa michache na haikuwa na uzuri wowote. Akamwambia kwamba kila Alhamisi, jua likipinda, mwanamke mwenye adabu hukifunika kinu chake kifudifudi na kukipigapiga mara tatu kwa kiganja, ili mumewe asitamani kula kwingine.

Nilimtazama usoni. Hakupepesa. Nikatafsiri.

Bibi aliuliza kama angeweza kuiona mila hiyo. Alhamisi ikafika, na shangazi, ambaye hakuwa na mume wa kutamani kula popote, akakifunika kinu akakipiga mara tatu. Majirani nao, kwa kuwa bibi angepita kwao na kamera, wakavifunika vyao. Waliifanya Alhamisi iliyofuata na iliyofuata tena. Baadhi yao waliizoea. Miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto wanne, nilipita kijijini nikamkuta msichana aliyeolewa juzi anakipigapiga kinu, na nilipomuuliza akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwelimisha mgeni wa mjini, kwamba ni jambo la tangu mababu. Sikuwa na uso wa kumbishia. Mmoja wa mababu hao nilikuwa mimi.

Juma la tatu jirani mmoja aliozesha binti yake. Siku moja kabla ya nikaha, alasiri, bi harusi huingizwa chumbani akafundwa na wanawake watu wazima, na chumba hicho haingii mwanamke ambaye hajaolewa. Mimi sikuwa nimeolewa, kwa hiyo tangu mwanzo nilijua nitakaa nje. Bibi alitaka kuingia. Shangazi akanituma nimuulize kama ana mume, au aliwahi kuwa naye. Akasema hapana, hakuwahi. Wanawake waliguna kwa huruma ya kweli, na mama mnene akasema, "Maskini, na umri huu, na miguu ile." Nikamwambia bibi kwamba wanausifu uhuru wake.

Basi akakataliwa, na nikamfikishia hilo kwa maneno laini. Akaniambia hana haja ya kukaa nao. Angekaa pembeni tu, hakuna ambaye angetambua. Nikamwambia haiwezekani. Akafunga daftari, na mimi nikadhani ameelewa.

Alasiri ilipofika nilimkuta nyuma ya ile nyumba ya harusi. Ukuta wa nyuma ulikuwa mfupi, na kati ya ukuta na makuti ya paa ulikuwapo mwanya wa kupitisha hewa. Alikuwa amekisimamisha kiti chake cha turubai chini ya mwanya huo na anatafuta namna ya kukipanda. Aliponiona hakuona haya hata chembe. Akaniomba nikishike kisikunjike.

Ningeweza kuondoka. Ningeweza kumwita shangazi. Nilikishika. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki nikijitoa: nilisema bibi alichungulia, nikaishia hapo. Ukweli ni kwamba nilikishika kiti, na alipokwisha kutazama akashuka, mimi nikavua viatu nikapanda. Tangu nina miaka kumi na miwili nilikuwa nataka kujua humo ndani husemwa nini.

Nilimwona bi harusi amekaa katikati, kichwa chini. Nikawaona kina mama wamemzunguka. Na mbele yake shangazi yangu, kwa sauti ya juu na uso mzito kama wa hakimu, alikuwa anamfundisha jinsi ya kuchambua mchele. Chuya hivi, mchanga hivi. Ungo ushikwe hivi. Wanawake wote waliitikia kwa pamoja, na bi harusi mabega yalikuwa yanamtetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kofia ya majani iliyo pana kama ungo walikuwa wameiona zamani. Sasa walikuwa wanajifurahisha.

Kisha shangazi akainua macho, polepole, akayaleta juu ya ukuta, yakakutana na yangu. Akarudi kwenye mchele wake.

Usiku ule bibi alipakuliwa wali mweupe na samaki wa kupaka. Mimi nilipakuliwa ukoko. Si wali ulioshikana na ukoko kidogo, ukoko mtupu, mweusi, umekwanguliwa chunguni na kuwekwa vizuri kwenye sahani. Niliula wote. Ilipita siku tano kabla shangazi hajaniita tena mwanangu.

Juma la tano lilipoanza, bibi alishikwa na homa. Ilimtetemesha mpaka kitanda kikalia, na jumbe wa kijiji akapeleka habari bomani, Landrova ikaja ikamchukua kwenda hospitali mjini. Aliniomba nimfungie vitu vyake nimletee kesho yake. Shangazi alimtilia uji kwenye chupa, akamfunika kwa leso yake mwenyewe, ile ya kutokea. Alimwambia Mungu akuponye, na mimi, kwa mara moja, nilitafsiri sawasawa.

Nikabaki chumbani na vitu vya watu. Nguo nilizikunja, vidonge nikavipanga, chandarua nikakifunga. Daftari zilikuwa nne. Nilijiambia nazifungua ili nione kama zimelowa.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa siku tuliyofika. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, lakini katikati yalikuwapo maneno ya Kiswahili, herufi kwa herufi: *Inzi hatui kwangu mpaka nijue ametoka kutua wapi.* Chini yake ameandika kwamba mkalimani amesema: anakukaribisha kwa mikono miwili.

Nilikaa kitandani. Nikageuza kurasa. Maskini na umri huu na miguu ile, lilikuwapo. Mdukuzi na mdoezi, lilikuwapo, na pembeni yake maelezo ya tofauti ya maneno hayo mawili, sahihi kabisa. Siku ya kinu aliandika kwamba leo wamemtungia mila, ni nzuri sana, na ameomba kuiona Alhamisi ili ajue watafika nayo wapi. Siku ya harusi aliandika kwamba amefundishwa kuchambua mchele.

Na mimi nilikuwamo. Msichana mwenye bidii na majivuno, aliandika. Anawaonea haya watu wake kwa Kiingereza, na ananionea haya mimi kwa Kiswahili. Hutafsiri anachodhani mtu angependa kusikia. Hula sana.

Hilo la kula liliniuma kuliko yote, kwa muda. Kisha nikafika kwenye kurasa za juma la nne.

Kuna mwanamke mmoja ambaye sijamtaja mpaka hapa, kwa sababu hata siku zile sikuwa nikimtia hesabuni. Alikuwa jirani wa shangazi, mtu wa makamo, mwembamba, anayekuja kila siku na ukili wake na kukaa kwenye kivuli cha jiko bila kucheka na wenziwe wala kuwakasirikia. Asubuhi moja, wengine wakiwa wamekwenda msibani, bibi alimuuliza kupitia kwangu ana watoto wangapi. Mwanamke yule akaanza kusema, macho kwenye ukili. Alisema kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa na njaa, na kulikuwa na samaki motoni. Nakumbuka nilikuwa namtazama samaki. Alipomaliza nilimwambia bibi kwamba alikuwa na watoto watatu, wote walikufa kwa surua. Ana huzuni.

Katika daftari lilikuwa jambo la kurasa mbili na nusu. Watoto watatu katika juma moja. Mkubwa, siku ya mwisho, aliomba dafu, na mama akatoka kutafuta mtu wa kumpandia mnazi, akazunguka nyumba hadi nyumba kwa kuwa wanaume walikuwa mashambani, na aliporudi na dafu mkononi, mlangoni wamesimama watu. Dafu lile hakujua alitupe wapi. Mahali pengine palikuwa na nukta, ambapo bibi hakulishika neno la Kimtang'ata. Na mwisho kabisa: mkalimani, sentensi mbili.

Kesho yake nilimpelekea vitu vyake hospitali. Alikuwa amelala karibu na dirisha, rangi kama mshumaa. Mfanyakazi mmoja wa kike, mtu mzima, alikuwa anaingia na beseni, na nikamsikia bibi akimwambia, "Shikamoo, mama. Ahsante." Kiswahili cha kitabu, cha Unguja, kimenyooka kama kamba. Akaniona nimesimama. Akalitazama begi la daftari.

"Umesoma," akasema, kwa Kiswahili.

"Nimesoma. Kwa nini hukusema unajua?"

"Ningesema, mngenyamaza."

Nikamwambia kwetu mtu hupiga hodi. Akasema anajua, ila akipiga hodi hupewa wali na nyimbo, na yeye alitaka kujua tunasema nini akiwa hayupo.

"Lakini ulikuwapo," nikamwambia. "Kila siku. Na kofia."

Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikakasirika kwa kuwa nilitaka kucheka naye. Alipotulia aliomba daftari la nne, akafungua kurasa zile za mama wa ukili, akaniwekea kidole kwenye nukta. Aliniambia kuna maneno manne hakuyashika, na angependa kuyapata sawasawa kwa heshima ya yule mama. Akaniuliza kama ninayakumbuka.

Sikukumbuka hata moja. Nilikumbuka samaki.

Nikarudi Mtang'ata. Nilimweleza shangazi yote, kwamba mgeni alikuwa anasikia tangu siku ya kwanza, na kwamba mimi nilikuwa nikimpa kila mtu maneno ya kutunga. Nilidhani ataona aibu kwa yale aliyoyasema. Hakuona. Aliuliza tu kama ile ya kinu imeandikwa, nikasema imeandikwa, akaridhika. Akaniuliza mimi nimeandikwa nini. Nikamwambia hakuna, mimi sikuandikwa. Akanitazama kama alivyonitazama juu ya ukuta, akaliacha lipite. Lakini nilipomsimulia zile kurasa za jirani yake alisimamisha kazi.

"Basi alipata mtu mmoja wa kumsikiliza," akasema. "Sisi tulikwisha mchoka."

Jioni nilikwenda kwa yule mama. Nilimkuta peke yake nje ya mlango wake, ukili mapajani. Nilimwamkia, nikakaa, nikazungukazunguka na maneno ya mvua na mihogo, kisha nikamwomba radhi kwamba siku ile sikumfikisha vizuri, na kama ataniruhusu, anisimulie tena ile habari ya wanawe, safari hii nitaifikisha yote.

Alisuka mpaka alipoishiwa na uzi wa jani la mwaa, akachukua mwingine, akauunga.

"Nilikwisha sema, mwanangu," akaniambia. "Nawe ulikuwapo."

Hakusema kwa ukali. Bibi alipanda meli mwisho wa mwezi ule akarudi kwao na nukta zake. Kama alitoa kitabu sikukiona, wala sikukitafuta. Mimi jioni ile sikuweza kuondoka mara moja, kwa kuwa kuondoka kungeonyesha nilikuja kuchukua kitu. Nikaomba miaa nimsaidie kusuka. Akanipa. Nilisuka kama pima moja hivi, ukili umepinda, umelegea, kazi ya mtu wa mjini. Nilipomkabidhi aliupitisha ukili vidoleni, akaufumua wote mpaka nilipoanzia, akausuka mwenyewe.